Sifuri ya Naitoi

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Naitoi alimsaidia mama yake kufunga madumu mgongoni mwa punda, kisha wakashika njia ya lamboni. Pale Mazingara boma lao lilikuwa na kisima, lakini pampu yake ya mkono iliharibika tangu mwanzo wa kiangazi. Maji ya lambo yalikuwa tope tupu, na mdogo wake Lomayani hakuacha kuumwa tumbo.

Mwalimu Agripina aliwapa darasa la sita kazi. Kwa zamu, kila mwanafunzi aliazimwa simu ya shule aende kupiga picha kisima cha kwao, aseme kama ni kizima, na wangapi wanakitegemea. Majibu yaliingia kwenye ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Ijumaa, kamati ya maji ya wilaya ingetumia ramani hiyo kuchagua visima vya kutengenezwa kwanza.

Ramani ilipofunguliwa darasani, rafiki yake Mwantumu aliangua kicheko.

"Naitoi, kisima chenu kina watu sifuri! Kwani nyie mnakunywa umande?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Kisima kisicho na watu kamati itakiruka," alisema. Naitoi alimkumbuka Lomayani na maumivu yake ya tumbo.

Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu. "Mwalimu, ile sifuri niliiweka mimi. Bibi alinikataza kuhesabu. Kwetu watu hawahesabiwi, wala ng'ombe, inaleta mkosi. Simu nayo ilikataa kutuma bila namba. Nikaona aibu kukuambia."

Mwalimu Agripina alimpa chupa yake ya maji anywe kwanza. "Umeniambia kabla ya Ijumaa, bado tuna nafasi. Leo twende tukamsalimie bibi."

Jioni ile walipofika bomani, Naitoi aliinamisha kichwa kumwamkia bibi yake, Bibi Noonkipa akakigusa kwa kiganja chake kikavu.

"Shikamoo, bibi," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuwahesabu wajukuu zangu, kunywa maziwa uende zako."

"Sikuja kuwahesabu, bibi. Nimekuja kuwafahamu. Ni nani na nani wanaokitegemea kisima hiki?"

"Hao nitakutajia. Kumtaja mtu ni kumwombea heri." Bibi akaanza na nyumba ya Keriako, mke na watoto, akaja kwa Moreto, mmoja mmoja, kila mtu na sifa yake.

Naitoi akapata wazo. Kwa kila jina, aligusa alama ya kujumlisha kwenye simu ya shule mara moja, kimyakimya.

"Tusimsahau mjane Rosina," bibi alisema. "Miguu yake haifiki kisimani, lakini akina Moreto humchotea."

Naitoi akagusa tena. Majina yalipokwisha, mwalimu aliitazama jumla, akaifunika kwa kiganja ili bibi asiione, kisha Naitoi akaituma mahali pa ile sifuri.

"Sasa nani amehesabu?" bibi aliuliza kwa mashaka.

"Simu, bibi. Wewe umewataja tu."

Bibi alicheka mpaka shuka likamdondoka begani. "Basi mkosi uiandame simu!"

Kamati ilikutana, ikaona kisima kile kilivyobeba watu wengi. Kabla mwezi haujaisha mafundi walifika na vipuri. Maji safi yalipotoka, Mwantumu ndiye aliyeshika mpini wa pampu, akampigia Naitoi maji huku akiomba radhi kwa ule utani wake.

Mwalimu Agripina aliwakusanya wanafunzi kando ya kisima.

"Wenye kuamua hawawezi kufika kila boma," alisema. "Wanatuona kwa taarifa tunazowapa. Ukikwama, sema umekwama. Ukiwa hujui, rudi ukaulize kwa adabu. Sifuri moja ya uongo ilikaribia kuwanyima maji watu wote hawa, na ukweli wa Naitoi ndio uliowarudisha kwenye ramani."