Mistari Myeupe ya Kasulo

Kila Jumamosi asubuhi, Domitille alizunguka na ndoo nyumba za jirani, akiomba majivu ya mbabula, yale majiko ya makaa. Kwa majivu hayo alichora mistari ya kiwanja cha mpira cha mtaa wao, Kasulo, akirudi kinyumenyume huku akiyamwaga kidogokidogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kocha wao, Tata Kalenga, hakumpa mtu mwingine kazi hiyo.

Jumamosi hii haikuwa kama nyingine. FC Malakiti, klabu kubwa ya mji wa Kolwezi, ilikuwa inakuja pamoja na wafadhili wake kukikagua kiwanja na kutazama watoto wa mtaa wakicheza. Walikuwa na mpango wa watoto: mazoezi kila juma, vitabu vya shule, muuguzi, na tangi la maji safi. Kiwanja kikionekana hakifai, mpango ungepelekwa mtaa mwingine.

Domitille aliyatazama majivu yake akayaonea haya. Wageni wakubwa namna hii, wachorewe kwa majivu? Ndipo, pembeni mwa barabara ya malori yaendayo viwandani, akaona gunia lililodondoka na kupasuka. Ndani mlikuwa na unga mweupe kuliko gauni la komunyo ya kwanza. Akamwaga majivu, akajaza ndoo.

Alipomaliza kuchora, alisimama mdomo wazi. Mistari iling'aa juani kama kwenye televisheni.

"Eh, Domi!" rafiki yake Mukuna akapaza sauti. "Leo kiwanja iko sawa bibi arusi! Sasa nani atasubutu kuikanyaga?"

Tata Kalenga aliinama, akakunja uso. "Domitille, hii umeitoa wapi?"

"Ni chokaa, Tata. Fundi wa rangi alinipa."

Uwongo huo ulimtoka haraka, hata yeye akashangaa. Tata Kalenga alimtazama kidogo, kisha akasema, "Haya, unawe mikono. Bageni banafika."

Basi la FC Malakiti liliingia likipiga honi. Wachezaji walishuka mmoja mmoja, warefu, na mbele yao Zéphirin, nahodha ambaye Domitille alimjua kwa picha tu. Nyuma yao walishuka wafadhili: Mama Tshiamala, mkuu wa kampuni ya simu, na Mama Godelieve, muuguzi wa hospitali. Mtaa mzima ulikusanyika kuwatazama. Domitille alihisi kana kwamba mbingu imeshuka kukaa Kasulo.

Akaingiza mikono kwenye beseni la maji ili anawe. Ghafla vidole vikawaka moto, kana kwamba ameshika sufuria jikoni. Akaitoa, ngozi ilikuwa nyekundu.

Hapo akaelewa. Haikuwa chokaa ya ukutani. Ilikuwa ile ya viwandani, inayochemka ikikutana na maji. Na watoto walikuwa tayari kiwanjani, wametota jasho. Mdogo wake René, golikipa wa miaka minane, aliyependa kujirusha chini hata mpira ukiwa mbali, alikuwa amesimama juu ya mstari wa goli.

Akisema ukweli, wageni watajua kwamba kiwanja ni kibaya na yeye ni mwongo. Mtaa wote utakosa mpango kwa sababu yake. Mwamuzi akaweka filimbi mdomoni.

"Musicheze!" Domitille alikimbia akilia. "Mutoke ku mistari! René, toka! Ile unga inaunguza! Mi niliiokota ku barabara. Nilimudanganya Tata Kalenga!"

Tata Kalenga aliwakimbiza watoto mbali. Mama Godelieve alimshika Domitille, akampangusa unga kwa kitambaa kikavu, kisha akaimwagia mikono yake maji mengi, dumu baada ya dumu. Akamkagua René na wenzake. Hakuna aliyeumia.

Ndipo Domitille akaona jambo ambalo hakuwahi kuliota. Zéphirin alivaa glavu, akafunga kitambaa puani, akachukua koleo. Wachezaji wote wakamfuata. Hata Mama Tshiamala aliazima buti za dereva, akashika gunia wazi wakati nahodha akitia ndani udongo mweupe. Polepole, bila kutimua vumbi, watu wakubwa wa mji walikwangua kiwanja cha Kasulo, mstari baada ya mstari, hadi udongo mwekundu ukaonekana tena. Magunia yakapakiwa kwenye pikapu ya klabu, yarudishwe kiwandani.

"Mutaenda mutaa mwingine?" Domitille aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Tshiamala alifuta jasho. "Hapana, mwanangu. Tunaanza leo. Leteni koni zile za plastiki, tupange kiwanja kingine pale upande wa juu."

Machozi yalimtoka Domitille tena. Mama Godelieve alikuwa akimfunga bendeji mikononi, akasema taratibu:

"Sikiliza vizuri. Bafadhili habakuja kuangalia mistari. Bamekuja kwa ajili ya macho yenu, ngozi yenu na masomo yenu. Uwongo wako ulikuwa mufupi, lakini ungeweza kumupofusha René. Na kweli yako ilikutia haya, lakini imemulinda. Kitu usichokijua, usikiguse, uliza mukubwa. Na ukikosea, sema mbio, hata kama mutaa muzima unakuangalia."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Nenda kwa Tata Kalenga umuombe pole. Kisha urudi tuangalie mchezo."

Domitille akaenda. Tata Kalenga alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea mkono begani, na wakasimama hivyo wakimtazama Zéphirin akipiga magoti kumfunga René kamba za viatu.