Njahi Kwenye Ukuta wa Mabati

Kukipambazuka, mtaa wote wa Kaptembwo huwa njiani. Wengine wanakimbilia soko, wengine mjengo, wengine viwandani. Nao watoto wachanga hupelekwa kwa Nyakio. Majirani humwita Mama Lynn, kwa jina la binti yake wa kwanza. Yeye huwalisha uji, huwabadilisha nepi na kuwaimbia mpaka mama zao warudi. Ni kazi ya makelele, na Nyakio anaipenda.

Chumba cha watoto kilijengwa na mumewe, Jamleck, fundi wa mbao. Kilikuwa cha mabati juu na mabati pembeni. Jamleck alikijivunia kana kwamba amejenga benki. Lakini mwezi wa Februari, ikifika saa nane mchana, chumba kiligeuka jiko. Watoto walilia kwa zamu. Mmoja akinyamaza, mwingine alipokea.

Aliyeteseka zaidi alikuwa Kigen, mtoto wa Chepkemoi. Shingo yake ilijaa vipele vya joto. Mchana hakulala hata kidogo. Jamleck alileta feni. Feni ilizungusha joto lile lile, ikaongeza vumbi la barabarani, halafu stima ikapotea.

Siku moja Chepkemoi alitoka sokoni, anakochagua waru, viazi vinavyoshushwa kutoka kwenye malori, akamkuta mwanawe amelegea. Alimkimbiza zahanati. Huko aliambiwa mtoto amepungukiwa na maji mwilini kwa sababu ya joto. Kigen alitibiwa, akapata nafuu. Lakini Chepkemoi alirudi na uamuzi.

"Mama Lynn, sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nampeleka Molo kwa gogo yake, mama yangu. Huko hata jua likiwaka, mtoto anavaa sweta."

"Si bado ananyonya?"

"Bado ananyonya. Nifanye nini sasa?"

Chepkemoi alilia, Nyakio naye akalia. Kesho yake Kigen hakuletwa. Nyakio alijikuta akipakua uji wa watoto wote, pamoja na wa Kigen.

Wiki hiyo alipita Jerop, mhudumu wa afya wa mtaa, ambaye hutembelea nyumba moja hadi nyingine. Aliingia chumbani, akatoka haraka akijipangusa uso.

"Mama Lynn, watoto hawawezi kulala humu."

"Najua. Lakini tufanye nini? Wengine Mungu aliwaweka kule Milimani kwa matajiri, kwenye upepo. Sisi akatuweka huku."

Jerop alicheka. "Mungu hakugawa ploti, Mama Lynn. Watu ndio waligawa. Jumapili ukitoka kanisa, nipigie. Kuna kitu nataka uone."

Jumapili walipanda hadi Milimani, Nyakio akiwa bado na viatu vya kanisani. Miti ya barabara moja ilikuwa imekutana juu, ikafunika lami yote. Nyakio alivuta leso begani.

"Si unaona?" alisema. "Baridi ya mlima."

Jerop alimwashiria waendelee. Walitembea kidogo, wakafika mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa ili nyumba za ghorofa zijengwe. Jua liliwapiga utosini. Nyakio aliitoa ile leso begani, akajifunika kichwa.

"Mlima ni ule ule," Jerop alisema. "Jua ni lile lile. Ni nini kimebadilika?"

"Miti," Nyakio alisema polepole.

"Basi sikiliza. Wakati wa mkoloni, mji huu ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walipewa huku. Ploti kubwa, nyumba moja katikati, bustani mbele na nyuma, na miti kando ya barabara. Wahindi walikuwa na upande wao. Mwafrika alijengewa vyumba vidogo vya kulala, ndio kesho aende kazi. Nani angempangia kivuli? Alihesabiwa mgeni anayepita."

"Lakini mkoloni alienda zamani."

"Alienda, ploti zikabaki na ukubwa wake. Leo hakuna sheria inakukataza kuishi Milimani. Ni kodi tu inakukataza. Sisi tukagawana ploti ndogo ndogo, kila mtu akajenga mpaka kwa mpaka wake. Mti ungesimama wapi?"

Nyakio alikasirika, na hasira hiyo ilimfaa. Miaka yote alidhani joto la Kaptembwo ni bahati mbaya. Kumbe lilipangwa. Na kama lilipangwa, alijiambia, linaweza kupanguliwa.

"Sasa tubomoe nyumba?" aliuliza.

"La. Tuanze na ukuta wako."

Walirudi mapema alasiri, wakazunguka chumba cha watoto. Jerop alionyesha ukuta unaotazama magharibi. Jua lilikuwa limeukalia mzima mzima.

"Huu ndio unawapika watoto, huu pamoja na paa," Jerop alisema. "Mti ni dawa nzuri, lakini mti unachukua miaka. Anza na mmea wa kutambaa. Panda njahi, yale maharagwe meusi, hapa chini ya ukuta. Inapanda haraka na inafunika. Changanya na passion ya matunda, hiyo inakaa miaka kadhaa. Maji uliyooshea mboga yatatosha kunyunyizia. Yale ya sabuni ya Omo, mwaga mbali."

Shida ilikuwa moja. Chini ya ukuta ule Jamleck alikuwa amerundika vipande vyake vya mbao.

"Hizo ni mali," Jamleck alisema.

"Mali gani, Baba Lynn, inatagiwa mayai na kuku?" Nyakio alimuuliza.

Jamleck alitaka kukasirika, akacheka. Vipande vile vile alivigeuza kuwa fremu ndefu, akafunga waya juu hadi chini. Jerop alimwambia aiache fremu mbali kidogo na mabati, ili hewa ipite na majani yasiungue. Kisha alimwomba afungue matundu mapana juu, karibu na paa, joto lipate pa kutokea. Paa, Jamleck alilipaka rangi nyeupe ili lisinywe jua. Majirani walimtania kwamba anajenga hoteli.

Jamleck alikuwa na wazo lake pia. "Barabarani nipande blugamu. Inakua mbio, na baadaye napata mbao."

"Na siku ya upepo unapata paa la jirani," Jerop alisema. "Blugamu inakunywa maji sana na inarefuka kupita kiasi. Kando ya barabara panda mti wa mukinduri, kivuli chake ni kipana. Au lokwati, watoto wale matunda. Lakini ulizia kwanza ofisi ya wadi, usipande juu ya mabomba ya maji."

Mvua za Aprili zilikuta mbegu ziko ardhini. Njahi ilishika waya. Kufikia Julai ukuta ulikuwa kijani, na maua yake ya zambarau yalileta nyuki hadi watu wakaulizana nyuki wametoka wapi. Nyakio alivuna njahi, akawapikia mama waliojifungua karibuni.

Jerop aliwapeleka pia kwenye kikao cha wananchi cha kupanga matumizi ya pesa za wadi. Nyakio hakuwa amewahi kusema mbele ya watu. Siku hiyo alisimama.

"Barabara za Milimani zilipandiwa miti na serikali," alisema. "Wale watu hawakuibeba kutoka kwao. Sisi pia ni wa mji huu. Tunaomba miche kando ya barabara yetu. Kumwagilia tutamwagilia wenyewe."

Watu walipiga makofi. Ombi liliandikwa, na mvua za Novemba zilipokuja, miche ilikuja nazo. Kila nyumba ilichukua mche ulio mbele ya mlango wake, ikauzungushia vijiti ili mbuzi wasiufikie.

Januari ilirudi na jua lake. Chepkemoi alikuwa amembembeleza mama yake kwa miezi mingi amrudishe mtoto. Hatimaye Gogo alishuka kutoka Molo na Kigen mkononi. Mtoto sasa alitembea. Gogo hakuwa mtu wa kudanganywa na maua.

"Nitakaa ndani humo saa nane," alimwambia Nyakio. "Nikitoka jasho tu, narudi naye Molo."

"Karibu, Gogo," Nyakio alisema, akamwekea kiti.

Gogo aliketi wima kwenye kiti, mkoba mapajani, akiwatazama watoto waliolala mkekani. Kigen alikuwa kati yao. Mwanga wa kijani ulipita kwenye majani, upepo ukaingia chini na kutokea juu. Baada ya muda kidogo, kichwa cha Gogo kiliinama. Jamleck alichungulia mlangoni.

"Nani ameingiza lori humu?" alinong'ona.

"Shh. Ni Gogo anakoroma."

Gogo aliamka saa kumi, akasema hakuwa amelala, alikuwa anafikiria. Nyakio alikubali bila kubisha. Gogo aliinama, akapitisha mkono kwenye shingo ya Kigen. Ilikuwa kavu na laini. Mtoto aligeuka upande mwingine, akaendelea na usingizi.

Nyakio alimfukuzia Kigen nzi.

"Chepkemoi anatoka sokoni saa ngapi?" Gogo aliuliza.

"Saa hii yuko njiani."

Gogo alishika mkoba wake, akatoka nje kwa kunyata.

"Basi mwache alale," alisema. "Mama yake akija, atamwamsha mwenyewe."