Mtu wa Saba Kwenye Mstari wa Njano

Kilichomshtua kwanza ni kioo. Wanaume wakitoka shimoni, vioo vya barakoa zao huwa vimejaa ukungu wa pumzi, lakini cha huyu wa mwisho kilikuwa kikavu, kisafi, kama kimetoka dukani leo.

Kazi yake yeye, mwanamke, ilikuwa kuwaosha wanaume hao. Walifukua mapipa ya sumu yaliyoozea ardhini, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa njano, mpaka wa eneo la sumu, kabla hajamsugua: karai la sabuni, karai la maji, mabuti yavuliwe, kisha barakoa na ovaroli, glovu mwisho. Walimwita shemeji, maana mumewe alikuwa mmoja wao.

"Shemeji, taratibu, huu mgongo si sufuria!"

"Mwenzenu nasuguliwa hivyo hata nyumbani," mumewe akadakia, wakaangua kicheko.

Wa mwisho hakucheka. Na ng'ambo ya mstari, kwenye chumba cha mapumziko, mwanawe mchanga alikuwa analia mikononi mwa mama mkwe, maziwa yameshalowesha blauzi yake, akili yake yote iko kule. Akampitishia yule wa mwisho brashi mara mbili tu.

"Haya kaka, pita, pita!"

Akapita, mabuti yake bado miguuni.

Msimamizi wao, Babu Kipenga, akaja akihesabu vichwa.

"Umeosha wangapi?"

"Saba."

"Mama, mimi niliingiza sita."

Hapo hapo mama mkwe akapiga yowe, na yeye akakimbia, harufu ya kutu ya moto ikimkaba njia nzima, akafika mlangoni akaona benchi limepasuka vipande viwili, mumewe anabamizwa ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, mkono wa mumewe ukalia kaa! kama kuni kavu, na lile jitu la ovaroli, kwa mkono wake mwingine, limemgandamiza mtoto uso kwa uso kwenye kile kioo, na mtoto, aliyekuwa analia muda wote, kimya.

"Huyo si mtu," Babu Kipenga akanong'ona nyuma yake. "Ni jini, tumemfukua na mapipa. Amevuka kwa ruhusa yako. Wewe ndiye wa kumrudisha."

Alirudi kwenye mstari, akashika brashi.

"Kaka," akaita. "Kaka, samahani, sijakumaliza. Mabuti hayajaoshwa. Rudi kwenye karai."

Kichwa kikageuka. Likamtupia mama mkwe mtoto kama furushi, likamwachia mumewe akaporomoka, likaja.

Akasugua. Akasugua huku linampiga, ngumi ya kwanza ikampasua mdomo, ya pili ikamwangusha, akasugua amepiga magoti, akavuta buti na ndani hamna mguu, matope tu yanayochemka, akavuta la pili, akang'oa barakoa na nyuma yake hamna uso, akashusha ovaroli ikaanguka tupu, lakini glovu zikabaki zinaelea, zikamrukia shingoni zikakaza, macho yakaingia giza, na kitu pekee kilichobaki kichwani ni utaratibu wa kazi yake, glovu mwisho, glovu mwisho, akazing'oa kidole kimoja kimoja, kidole chake mwenyewe kikivunjika, hadi zikadondokea ndani ya karai la maji yaliyojaa damu yake.

Maji yakatulia.

"Ameondoka," Babu Kipenga akasema, na kwa mara ya kwanza wanaume wakamwona analia.

Mama mkwe akasogea na mtoto. "Mchukue, mwanangu. Ametulia, hata halii tena. Mnyonyeshe."

Akampokea. Nywele za mtoto zilinuka kutu. Miguuni pake palikuwa na ile barakoa. Akaiokota, akaipumulia yeye mwenyewe: kioo kikaingia ukungu. Akakifuta kwa pindo la blauzi, akakiweka mbele ya mdomo wa mwanawe, akasubiri.

Kioo kikabaki kikavu, na mtoto, macho kodo, akaanza kunyonya.