Mgongo Umepewa Tima

Kitanda kililia kri gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Ndinda alikuwa akijaribu kugeuka bila kumwamsha bintiye, Idah. Maumivu yakamkamata kiunoni, yakashuka hadi pajani. Leo siku ya nne hajaenda kukandwa. Siku ya nne pia hapokei simu za Nyale, mkandaji wake.

Yeye na Nyale walikutana soko kuu la Malindi. Ndinda, ndani ya dera lake la manjano, aliinama kuchagua nyanya, akashindwa kuinuka. Watu walimpita na vikapu vyao.

"Usijikaze, dada. Pumua kwanza." Kijana mrefu, shati la kijani la kliniki, mikono inanukia mafuta ya karafuu.

"Wewe daktari?"

"Mkandaji mwenye cheti. Na wewe fundi cherehani, nyuzi zimekujaa begani."

Kule kliniki kwake alimkanda polepole, akabana fundo la msuli kwa kiwiko mpaka likalegea, akamuumika kwa vikombe kama wafanyavyo wazee wa pwani, akamalizia kwa kumnyoosha miguu.

"Yote hayo kwa kiuno kimoja?"

"Njia moja haitoshi. Mgongo ulioumia miaka mitatu hubembelezwa."

"Kumbe wajua kubembeleza?"

"Mgongo tu, fundi." Lakini jioni alipiga simu kuuliza hali, wakaongea mpaka wali wa Ndinda ukaungua.

Wiki ya sita maumivu yalikuwa yamepungua nusu. Ndinda alikaa kwenye cherehani saa nzima bila kuuma meno. Ndipo Tima, mkandaji mwenzake Nyale, akamwambia pale mapokezi, "Bi Ndinda, kuanzia leo uko kwangu. Nyale mwenyewe ameomba uhamishwe."

Ameomba! Ndinda aligeuka, akaondoka. Amenichoka. Au amesikia Idah hana baba. Au nilicheka mno, akaniona mwanamke rahisi?

Sasa, saa nne asubuhi, Idah akicheza chini ya meza, simu iliita tena kibandani kwake pa kushonea. Akapokea.

"Kiuno kikoje?"

"Muulize Tima."

"Tima hajakuona. Ndinda, utapoteza wiki sita zote!"

"Si ulinifukuza?"

"Niko mlangoni kwako."

Alikuwapo kweli, shati jeupe lililopigwa pasi, jasho shingoni.

"Kazi yetu ina sheria," alisema, amesimama kizingitini. "Mkono unaomtibu mtu haumposi. Ilibidi nichague. Nikamwomba Tima achukue mgongo."

"Mgongo wangu?"

"Mgongo tu. Mwenye mgongo nimekuja kumwomba mwenyewe. Ukikubali, nitatuma wazee kwenu."

"Na hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa, halafu uone haya kurudi, ukose na tiba. Nikasema nikuweke kwa Tima kwanza."

"Mjinga wewe! Siku nne sijalala."

"Mimi nimemkanda mzee mmoja mguu mzima, kumbe anaumwa ule mwingine."

Ndinda alitaka kucheka, akajizuia. "Na Idah, Nyale? Huyu si mzigo wa kuwekwa kando."

"Nimekuja kwa mama Idah. Simjui Ndinda mwingine."

Ndinda alishika ukingo wa cherehani. Aliwahi kuamini maneno matamu kama haya, akaachwa na mimba ya miezi mitano. Jibu lilikuwa mdomoni, na hofu imelikalia.

Idah akatoka chini ya meza, mikono imejaa vipande vya vitambaa. Akamtazama mwanamume, akamtazama mamake.

"Mama, mgeni hajapewa kiti."