Kota Haifungwi kwa Kamba ya Mgomba

Buberwa wa Kitendaguro alipoteremka alfajiri kwenda soko la Bukoba na mikungu yake ya ndizi, majirani hawakuhitaji jogoo. Baiskeli yake ilitosha kuwaamsha. Pedali ya kulia ilipokwenda chini ilisema ka! Ikazunguka, ikashuka tena, ka! Ilisema hivyo njia nzima mpaka mjini.

"Buberwa huyo," watu walisema, kisha wakageukia upande wa pili wa kitanda.

Ilikuwa miaka ya sabini, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Baiskeli hiyo ilikuwa nyeusi, nzito, ya Kiingereza, na ilikuwa imefika nchini kabla ya Uhuru. Buberwa aliirithi kwa marehemu baba yake. Aliipenda mno. Kuipenda alijua, lakini kuitunza, mh! Kila jioni aliupaka mnyororo samli, ileile ambayo mkewe Kokushubila aliiwekea wageni.

"Baiskeli hii inakula samli kuliko watoto," Kokushubila alilalamika.

"Na inafanya kazi kuliko watoto," Buberwa alijibu, akaendelea kupaka.

Asubuhi alikuta sisimizi wamejipanga kwenye mnyororo kama watu wa foleni ya sukari. Aliwapangusa, akapakia ndizi, akaondoka.

Ule mlio wa ka! ulikuwa na sababu. Mkono wa pedali hushikwa kwenye ekseli kwa kipini cha chuma. Mafundi hukiita kota. Kota ya kulia ya Buberwa ilikuwa imelegea. Naye alifanya kama tufanyavyo sisi watu wa migomba tukiona kitu kimelegea: alichukua kamba ya mgomba. Kwa kamba hiyo tunafunga mbuzi, tunafunga kuni, tunafunga hata buni za kumtafunisha mgeni. Kwa nini isifunge kota? Aliizungushia kota kamba, akaipaka samli ili iingie bila ubishi, akaigonga kwa jiwe. Baiskeli ilinyamaza siku mbili tatu. Halafu, ka!

Hakuwahi kwenda kwa fundi. Jirani yake Lameki alikuwa fundi baiskeli, tena hodari, lakini Buberwa alisema mkono wa mtu mwingine hautagusa baiskeli ya baba yake.

Siku moja mtu wa Rubafu alimkuta sokoni, akampa habari. Theopista, dada mkubwa wa mama yake, alikuwa anapoteza macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa na ukungu, na ukungu ulizidi kila mwezi. Hospitali walisema hawawezi kulirudisha.

Buberwa alimweleza mama yake, bibi Anatolia. Bibi aliweka chini kisu chake cha kumenyea ndizi.

"Nipeleke Rubafu," alisema. "Nataka dada yangu anione kabla jicho hilo halijafunga. Kuisikia sauti yangu tu hakutoshi."

"Nitakupandisha basi, Mawe," Buberwa alisema, akimwita mama kwa Kihaya.

"Basi linanitapisha. Siwezi kufika kwa dada yangu nimejitapikia. Nipeleke kwa baiskeli ya baba yako."

Buberwa alifurahi. Alikubali papo hapo, wakapanga kuondoka Jumamosi. Lakini Ijumaa, alipokuwa akirudi nyumbani na mzigo wa chumvi na mafuta ya taa, mkono wa pedali uliteleza ghafla kwenye mteremko. Mguu ulikosa pa kukanyaga. Buberwa alikwenda upande wake, baiskeli upande wake, na chumvi ikamwagika mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mama yake alikuwa amesimama pale pale.

Bibi Anatolia alimtazama mwanawe akijifuta vumbi. Akaitazama kota iliyochomoka, na kamba ya mgomba iliyoning'inia kama utumbo wa kuku.

"Mwanangu, mimi si mkungu wa ndizi," alisema. "Nikianguka sitaokotwa na kufutwa. Kesho nitakwenda kwa miguu."

"Rubafu kwa miguu, Mawe? Na magoti hayo?"

"Nitafika nitakapofika."

Alikwenda kutafuta fimbo. Buberwa alimfahamu mama yake: akisema, amesema. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu. Magoti ya mama yake hayangeimaliza hata milima ya karibu, na jicho la mama mkubwa halikuwa likisubiri. Aliiinua baiskeli, akaisukuma moja kwa moja mpaka kwa Lameki.

Lameki alikuwa uani, akiimba wimbo wa kanisani huku akisafisha gololi. Alipomwona Buberwa, aliacha kuimba.

"Wabonaki, ndugu Buberwa!" alimsalimu kwa Kihaya. "Leo jogoo wetu ameugua?"

"Usinicheke, waitu," Buberwa alimsihi. "Nisaidie. Mama anataka kwenda Rubafu."

Kicheko cha Lameki kilikatika. Alivuta kigoda. "Lete. Mimi nilijifunzia Muleba, kwa fundi aliyetengeneza baiskeli za mapadre na za wachungaji pia. Gololi hazina dhehebu. Lakini utakaa hapa utazame, maana barabarani mimi sitakuwepo."

Alikitazama kipini, akafungua kamba kidogo kidogo kama anayefungua zawadi. Alinusa vidole vyake.

"Samli?"

"Ili iingie vizuri."

"Na ndiyo maana inatoka vizuri! Sikiliza. Kota hii ina upande bapa. Bapa hilo ndilo linaloibana ekseli. Lazima chuma kikae juu ya chuma, kikavu, kisafi. Ukiweka kamba, kamba inasagika. Ukiweka mafuta, inateleza. Unakanyaga mara elfu, na kila mara kota inasogea kidogo. Hiyo ka! ilikuwa inakuambia."

"Sasa hii imeharibika? Kota mpya hazipatikani mjini."

"Hii bado ina nyama." Lameki alichukua tupa, akalisugua bapa polepole mpaka likang'aa lote sawasawa. Alifuta tundu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasubiri likauke. Kisha akasimamisha kipande cha bomba chini ya mkono wa pedali.

"Bomba la nini?" Buberwa aliuliza.

"Linapokea nyundo. Ukigonga bila kuegemeza chini, unazipiga gololi zilizo ndani, na utaniletea ugonjwa mwingine." Aligonga kwa uthabiti, akafunga nati. "Nyundo ndiyo inayoingiza kota. Nati inazuia isirudi tu. Watu wengi huivuta kota kwa nati, wakazikata nyuzi zake."

Alizungusha pedali, akacheka. "Na hii ya kushoto uliitia wewe?"

"Mwaka jana."

"Umeitia kinyume. Mkono wa kulia ukija mbele, nati yake iko juu. Wa kushoto ukija mbele, nati yake iko chini. Zote zilipaswa kuwa juu. Ndiyo maana pedali zako hazikai mstari mmoja, na wewe unapanda kama mtu aliyechomwa na mwiba."

Buberwa alikuwa amezoea kupanda hivyo, akidhani ndivyo baiskeli ilivyoumbwa. Alijicheka mwenyewe. Lameki alimpa nyundo aitoe kota ile kwa mikono yake. Alimwonyesha kuilegeza nati bila kuitoa yote, ili kichwa cha kota kisiharibike kikigongwa. Buberwa aligonga, akalisugua bapa, akaigeuza, akaingiza.

Mnyororo waliuosha kwa mafuta ya taa. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi tii, na sisimizi wawili walielea juu yake.

"Samli inashika vumbi, na vumbi linakula meno," Lameki alisema. "Weka tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, halafu futa nje kukauke. Usiukaze sana. Ukiusukuma katikati kwa kidole, ucheze kidogo tu."

Mwisho aliisawazisha mikono ya pedali, mmoja mbele na mmoja nyuma. "Simama juu yake. Sasa geuza nusu duara, simama tena. Ukisikia mlio wowote, kota bado. Hakuna? Vizuri. Lakini kesho mkifika mlima wa kwanza shukeni, ugonge tena na kukaza nati. Kota hukaa sawasawa baada ya kubeba mzigo."

Jumamosi bibi Anatolia aliketi nyuma, amejifunga khanga mbili, fimbo yake mapajani. Hakuamini bado. Baiskeli ilipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Mwanamke mmoja alitoka mlangoni kutazama kumetokea nini.

Walipofika chini ya mlima wa kwanza, Buberwa alitaka kuendelea kwa kuwa mambo yalikuwa mazuri. Fimbo ilimgusa mgongoni.

"Shuka," mama alisema. "Lameki amesema hapa tunakaza."

"Mawe, wewe ulijuaje?"

"Ulipofika jana ulisimulia mpaka uji ukapoa. Shuka!"

Alishuka. Alitoa nyundo, bomba na spana alizoazima kwa Lameki, akagonga, akakaza. Nati iliingia karibu robo mzunguko; Lameki alikuwa amesema kweli. Waliendelea, wakisukuma kwenye milima na kupanda kwenye tambarare, mpaka jua lilipokuwa utosini wakafika Rubafu.

Theopista alikuwa ameketi mlangoni, penye mwanga. Aligeuza kichwa, lakini hakujua ni nani. Bibi Anatolia aliteremka mwenyewe, akapiga magoti mbele ya dada yake, akavua kilemba ili uso wote uonekane. Hakusema neno.

Theopista alimshika kidevu. Aliugeuza uso ule kulia, akaugeuza kushoto, akausogeza karibu kabisa na jicho lake moja. Buberwa alisimama na baiskeli.

"Anatolia," dada alisema taratibu. "Umezeeka! Na pengo hilo la mbele umelipata lini?"

Bibi Anatolia alipiga kigelegele huku machozi yakimtiririka.

"Ameniona!" alimwita mwanawe. "Buberwa, ameona mpaka pengo!"