Nyimbo Ambazo Zenon Hakuzimaliza

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipofunga spika ndogo nyuma ya pikipiki, nikatia mkobani fomu ya idhini ya msanii, nikaelekea Kasense. Fomu ilikuwa na nakala tatu. Kamati ya maandalizi ya uzinduzi wa albamu haijawahi kuamini kitu kilichosainiwa mara moja.

Naitwa Isdori. Nina studio ya kurekodi mjini Sumbawanga, nyuma ya duka la vipuri la Muhidin. Kwaya ndizo zinazonilisha. Lakini mwaka huu nilipata kazi niliyoiota tangu utoto: albamu ya kukusanya nyimbo bora za Mzee Zenon, tangu alipoanza kupiga gita hadi uzee wake. Kama humjui Zenon, kosa si lako. Ujanani alivuka mpaka kwenda Zambia, akarudi na gita la umeme, bluzi na roki vikiwa vimechanganyikana vidoleni. Akipiga ukumbini, waliokuja kucheza walisahau kucheza. Walisimama wakisikiliza kama watu waliofika msibani.

Kasoro ilikuwa moja. Hakuna wimbo wake uliokuwa na mwisho. Gita linapanda, linalia, linaomba... halafu kofi la kiganja juu ya nyuzi. Kimya. Nilidhani kanda ni mbovu. Kamati nayo ilisikiliza, na Bi. Stumai, afisa utamaduni, akaandika kwenye muhtasari wa kikao: "Nyimbo zote ziwe na hitimisho linaloeleweka." Nikatii. Nilikata nota huku, nikapachika kule, kila wimbo ukapata mwisho wake. Mishono haikusikika hata kidogo. Niliionea fahari.

Nilipofika kwa Mzee Zenon, mkewe, Bibi Redempta, alikuwa uani akipepeta maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umemletea kelele zake?"

"Zote, bibi. Za maisha mazima."

"Masikini wewe. Yuko kwenye tanuru. Mwambie ugali haungoji wanamuziki."

Matanuru ya wahenga waliofua chuma bado yamesimama huku Ufipa. La Mzee Zenon lilikuwa nyuma ya shamba lake: mnara wa udongo, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, wazi juu, na matundu ya kupitishia upepo kuzunguka chini. Wakubwa fulani waliwahi kusimika kibao cha kukataza watu kuingia. Kibao kilianguka, na marufuku ikalala chini pamoja nacho.

Mzee alikuwa ndani, ameketi, gita mapajani. Halikuchomekwa popote.

"Ingia, kijana. Sauti inazunguka vizuri humu. Humu ndimo nilimojifunzia."

Niliingia kwa magoti kupitia tundu kubwa, lile wanaloliita mlango. Nikaweka spika katikati yetu, nikabonyeza simu. Wimbo wa kwanza ukaanza, ule wa ujana wake, wenye haraka na majigambo. Mzee alifumba macho akitabasamu. Gita likapanda, likafika pale pa kofi.

Likapita.

Tabasamu likamtoka. Wimbo ukateremka taratibu kwenye mwisho nilioushona, ukatua.

Halafu nikasikia makofi.

Pa... pa... pa...

Viganja vilivyokunjwa, vinapigwa polepole, kwa adabu, vile tunavyowasalimu wakubwa huku kwetu. Sauti yake ilitoka ndani ya ukuta.

"Umefanya nini?" Mzee alinong'ona.

"Nimezimalizia, mzee. Kamati iliagiza..."

"Zote?"

"Zote."

"Zima."

Nilibonyeza. Wimbo wa pili ukaanza. Nilibonyeza tena, nikaifunga simu, kioo kikawa cheusi. Wimbo ukaendelea. Nikashika spika niitupe nje, ndipo nilipogundua miguu yangu haitoki. Mkaa ulikuwa umenifika kwenye vifundo. Mkaa mkavu, mwepesi, ambao dakika chache nyuma haukuwepo.

Niligeukia mlango.

Hapakuwa na mlango. Palikuwa na tope bichi lililokandamizwa kutoka nje, na mrija wa udongo umechomekwa katikati yake. Matundu yote yalikuwa hivyo hivyo. Upepo ulivuma ndani ya ile mirija, ukaingia, ukatoka. Kama kitu kilicholala. Nililiparua tope kwa kucha. Lilikuwa gumu kama tofali la kuchoma.

Wimbo wa pili ukaisha. Pa... pa... pa... Makofi yaliongezeka. Mawe mekundu ya chuma yakanifika kwenye mashavu ya miguu, mazito, na sikuyaona yakianguka.

"Mzee, hiki ni nini?"

Hakupiga kelele. Aliongea chini chini, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni.

"Wahenga walipakia tanuru kwa safu. Mkaa, mawe, mkaa, mawe. Hawawashi mpaka lijae. Likijaa wanaziba, halafu wanawasha."

"Na nyimbo zinahusika vipi?"

"Zambia nilinunua gita tu, kijana. Kupiga nilifundishwa humu. Nilikuwa nikikaa jioni, wao wananiongoza vidole. Walichotaka ni kimoja: kila wimbo nitakaoumaliza uwe safu yao." Alitazama mkaa uliokuwa unamfika kifuani, maana yeye alikuwa ameketi. "Nikawa simalizi. Maisha yangu yote nimewaachia tanuru tupu. Nao wakangoja."

Aliliinua gita kidogo, mkaa usilifike.

"Sasa wewe umewapakilia lote. Tena kwa mpangilio."

Tulijaribu. Nilimvuta mikono, hakutoka. Niliita Redempta mpaka koo likakauka. Sauti ilizunguka, ikaturudia. Nyimbo zilipita moja baada ya nyingine, zile za kumbini, za mapenzi, za mwanawe aliyezama ziwani Kipili. Kila moja ilitua vizuri mno. Kila moja ilipigiwa makofi. Harufu ya chuma cha moto ilianza kupanda, ingawa moto sikuuona. Nilipougusa ukuta ulikuwa na joto la tumbo la ng'ombe.

Kisha ukaanza wimbo wa mwisho.

Mkaa ulikuwa umenifika kiunoni. Yeye mabega tu ndiyo yaliyobaki, na mikono, na gita ambalo alikuwa amelinyanyua kama mama anavyonyanyua mtoto kwenye mto uliofurika.

"Huu usiishe," alisema. "Nitaupokea."

"Halafu?"

"Halafu kanyaga bega langu, ukwee. Kwa sasa juu panafikika."

"Twende wote, mzee."

"Nani atapiga?"

Wimbo ulikaribia mwisho wangu, ule niliouonea fahari. Kabla haujatua, gita lake lisilochomekwa popote lililia. Lililia kwa sauti nene iliyonitikisa meno. Likauchukua wimbo kutoka kwenye spika, likaugeuza, likaurudisha juu. Makofi hayakuja. Mkaa ukalegea kidogo.

Nikachomoa mguu. Nikakanyaga bega la mzee wa watu. Ukuta wa ndani ulikuwa na mabonge ya mavi ya chuma, masalia ya uyeyushaji wa zamani, makali kama chupa, nikayashika hivyo hivyo. Nilipofika juu nilitazama chini. Niliona vidole tu. Vilikuwa vinakwenda.

Nilidondokea kwenye majani. Nje kulikuwa kimya, kana kwamba dunia nzima imezibwa masikio.

Redempta alikuja na majirani na majembe. Matundu yote yalikuwa wazi, yana utando wa buibui. Ndani tulikuta spika, simu, na fomu katika nakala tatu. Zenon hakuwemo, wala gita lake.

Kituo cha polisi niliulizwa mzee aliondoka akielekea upande gani, kwa sababu fomu inataka upande. Nikasema sijui. Wakaandika "haijulikani", wakaridhika. Kamati nayo iliahirisha uzinduzi hadi msanii atakapopatikana. Nakala ya barua ilipelekwa kwa msanii.

Niliporudi studio nilitaka kuifuta mishono yote. Nilifungua wimbo wa mwisho kwenye kompyuta, nikaucheza ili nione pa kukata. Ulifika pale pa mwisho.

Ukapita.

Haujaisha mpaka leo.

Ni yeye. Mwangwi wa kuta zile unasikika. Redempta huja kila asubuhi akitoka misa, anavaa spika za masikioni, anakaa. Siku ya kwanza alisema tu, "Hapo ndipo anapopenda kuburuza kidole," akajifuta macho kwa khanga. Mimi sijagusa kitufe. Muhidin amenipa jenereta na betri za gari. Umeme ukikatika, moyo wangu unakatika kabla yake. Nalala chini ya meza. Kwaya nimezifukuza. Siwezi kusafiri, siwezi kuugua, siwezi hata kwenda Mwazye kumzika shangazi, maana nani atakayekaa na kompyuta? Pale pa kofi palishapitwa; nikiuzima sasa, nitakuwa nimeumaliza.

Leo asubuhi Redempta alivua spika kabla ya wakati wake, akanivisha mimi.

"Sikiliza," alinong'ona.

Gita lilikuwa linakwenda, lakini polepole. Nyuma yake nikasikia viganja vikisuguana. Havipigi bado. Vinangoja, kwa adabu.

Kisha mzee alikosea nota.

Sijawahi kumsikia akikosea. Akairudia, akaipata, akaendelea. Baadaye kidogo akakosea tena. Na katikati ya nota mbili, karibu kabisa na sikio langu, sauti iliyochoka:

"Isdori... nipokee."

Nilivua spika. Nikamwambia Redempta kwamba mimi si mpigaji, mimi ni fundi wa kushona tu. Nikamwambia kuna vijana mjini wenye vidole kuliko mimi.

Alikwenda mlangoni, akausukuma ukafunga, akateremsha komeo. Akavuta kiti, akakiegemeza kwenye mlango, akakikalia, mikono mapajani.

"Gita la kwaya liko pale ukutani," alisema taratibu. "Lichukue, mwanangu. Mume wangu amechoka."