Saa Iliyofungwa Vizuri Mno

Fundi saa alikutwa kifudifudi chini ya meza yake ya kazi, saa mbili asubuhi, mvua ikipiga bati kama inadai kufunguliwa mlango. Upande wa kichwa, juu kidogo ya sikio, palikuwa pamebonyea. Kwenye pembe ya jiliwa, lile banio la chuma la ukingoni mwa meza, kulikuwa na damu iliyokauka na unywele mmoja wa mvi.

Daktari wa polisi alisema marehemu alisukumwa jana jioni akajigonga. Kisha akaongeza, akiwa anavua glavu zake, kwamba hakufa papo hapo.

Inspekta alichuchumaa. Kituoni walimwita Polepole, na hata kwenye chai ya saa nne alikuwa wa mwisho kufika, akaambulia maji ya kusuuzia birika. Ngumi ya kulia ya marehemu ilikuwa imekaza kitu. Wakaifungua kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na ufunguo wa fundi, wenye meno matatu, wa kufungulia mgongo wa saa.

Saa yenyewe ilikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa safi. Saa nzito ya wapiga mbizi, ya zamani, uso mweusi, tarakimu zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Daftari la kazi lilikuwa wazi pembeni: "Ya mama. Kioo kina ukungu. Kufungua, kukausha."

"Mwizi gani huyu anaua mtu halafu anaacha mali mezani?" Sajini aliuliza.

"Angalia kioo."

Sajini akaangalia. Kilikuwa kimetakata kama jicho la mtoto.

"Ukungu umetoka, kwa hiyo saa ilifunguliwa," Inspekta alisema. "Aliyeifungua kafa na ufunguo mkononi, na daftarini hajaandika kwamba amemaliza. Basi nani kaifunga?"

Sajini alikuwa tayari na mtu wake. Majirani walishasema kwamba juzi tajiri mmoja alitoka hapo akitukana, baada ya kuambiwa saa yake ni ya bandia. Mtaani walimwita Bosi Mbizi. Alikuwa na saa kumi na moja za wapiga mbizi, na kuoga kwenyewe alioga kwa kopo, kwa kuogopa beseni. Inspekta alimsikiliza kwa dakika tano tu. Jana jioni Bosi alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, mbele ya mashahidi wanne. Tena, alisema Inspekta, mtu ambaye hajui kukaza kifuniko cha chupa hawezi kufunga mgongo wa saa.

Mdogo wake marehemu alifika kabla mwili haujaondolewa. Naye alikuwa fundi saa, mwenye duka lake mtaa wa pili. Macho mekundu, shati limelowa. Inspekta alimpa pole, akamwekea saa kiganjani.

Kijana alieleza kwa sauti iliyokauka. Baba yao alikuwa mpiga mbizi wa bandarini. Walipomtoa majini amekufa, saa ilikuwa mkononi mwake, bado inatembea. Mama alikuwa akilala nayo chini ya mto tangu siku ile.

"Ni yenyewe hii?"

"Ni yenyewe, afande. Naijua kama kiganja changu."

"Mara ya mwisho kuja hapa kwa kaka yako?"

"Wiki mbili zilizopita."

Mchana Inspekta aliipeleka saa kwa mthamini wa saa kongwe, mwanamke wa makamo mwenye lenzi iliyoganda jichoni kiasi kwamba watu walimwita Bibi Darubini. Hakuuliza kisa. Aliizungusha pete ya juu, akasikiliza milio yake, akaimulika kwa taa kali, kisha akavuta koti lake likawafunika vichwa wote wawili.

"Unaona nini?"

"Tarakimu zinang'aa."

"Hesabu."

Inspekta alihesabu mpaka mia mbili, shingo ikimuuma. Tarakimu bado zilikuwa zinang'aa.

Bibi Darubini alitoa kichwa nje. Rangi ya kung'aa gizani ya miaka ile, alisema, ilishachoka. Ukiimulika inawaka kidogo, inazima. Hii ilikuwa mpya, ikazeeshwa kwa mkono. Mwili wa saa ulitoka kwenye saa moja, akrabu, mishale yake, zikatoka kwenye nyingine. Sokoni haikuwa na thamani kubwa.

"Lakini aliyeiunga aliipenda," alisema. "Kazi ya miezi."

Kisha akaifungua mbele ya mtaalamu wa maabara aliyeitwa na Inspekta, akakunja uso. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umepakwa grisi mbichi, mzunguko mzima, sawasawa. Ndani ya mgongo, kwenye grisi hiyohiyo, kulikuwa na alama ya dole gumba.

Kesho yake maabara ilitoa jibu, na mdogo wa marehemu akaketi ng'ambo ya meza ya Inspekta. Alishapewa onyo lake la kisheria.

"Ulisema ni ya baba yako."

"Ndiyo."

"Fundi wa kiwango chako hawezi kudanganywa na rangi. Ulijua ni ya kuunga. Na dole lako limo ndani, kwenye grisi ya juzi."

Kijana aliiweka mikono yake juu ya meza.

Ndipo akaeleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza anajifunza kazi, akaifungua saa ya baba kwa siri ili aisafishe. Alipofunga alisahau grisi kwenye mpira. Mama akaenda kufua nguo ameivaa.

"Bahari ilishindwa kuiua, afande. Mimi nikaiua kwa beseni."

Alimwambia mama anaitengeneza. Kwa miezi mitatu aliokota vipande huku na huku, akamrudishia nyingine. Miaka kumi na sita imepita. Juzi alipita dukani kuazima mafuta, akamkuta kaka yake ameshaifungua, na hakuona ndani ile alama ambayo mwalimu wao wa ufundi aliichora zamani kwenye saa ya baba.

"Kaka alisema lazima mama ajue. Alisema analala na uongo chini ya mto. Akanyanyuka aende, ufunguo mkononi. Nikamsukuma."

"Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilifunga saa."

Sajini aliacha kuandika.

"Ilikuwa wazi, afande, na mvua inanyesha," kijana alisema. "Nilikuwa na ufunguo wangu mfukoni. Nikaikausha. Nikapaka grisi. Nilipogeuka alikuwa ameshanyamaza."

Jioni Inspekta alikwenda kwa mama kuchukua maelezo. Alikuwa ameketi kitandani, mto mapajani. Inspekta alimweleza yote, polepole, kwani hapakuwa na njia ya haraka. Mama hakulia. Alipapasa mto pale ambapo saa ilizoea kukaa.

"Ya baba yao ilikuwa inachelewa dakika nne kila siku," alisema. "Hii aliyoniletea haikuchelewa hata siku moja. Nilijua wiki ya kwanza, mwanangu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Alikuwa amekonda kwa kuitengeneza. Ningemwambiaje?"

Mvua iliendelea nje. Mama aliitazama kalamu.

"Hilo usiliandike. Mtu atamsomea mwanangu mahakamani, ajue nilijua."

Inspekta aliweka karatasi gotini. Kisha akaandika kwamba mama wa marehemu hakuwa na la kuongeza, akampa asaini.